Kaktasi ya ami na jua lililohamia dirishani

Picha ilinifikia kwenye simu usiku wa Jumapili moja, mwezi wa sita, na chini yake ami aliandika maneno mawili tu: “Imeungua. Vipi?”

Nikaivuta kwa vidole nione karibu. Kaktasi ya duara, ukubwa wa dafu, mbavu zimepanda kutoka kitakoni hadi utosini, miiba ya manjano imejipanga juu ya kila ubavu kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Upande mmoja ulikuwa umepauka vibaya, rangi ya gazeti la mwaka juzi. Ami huiita mpungate. Si mpungate, mpungate ni ile yenye mabapa kama viganja vya mikono, ile iliyowatesa wafugaji wa Laikipia hadi wakachoka, ambao wakisikia kuna mtu Mombasa anauguza kaktasi watacheka mpaka walie. Lakini nimeshaacha kumsahihisha.

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu. Nilitazama picha, nikatazama tarehe, nikajiambia: kipupwe, kusi inavuma, usiku watu wanajifunika shuka, jua la kuunguza litoke wapi? Nikamjibu kwamba huo ni utitiri, aioshe kwa maji ya sabuni. Naye ni mtu wa kufuata maagizo. Kesho yake saa nne asubuhi akaichanganya sabuni ya vyombo kwenye kopo, akaiosha vizuri, akairudisha pale pale dirishani ikiwa imelowa.

Siku ya tatu nikapanda ngazi hadi ghorofa yake ya tatu, Tudor, upande unaotazama hori.

“Shikamuu, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo umuone mgonjwa wako. Yuwafa huyu.”

Nilipoishika mkononi nikaona mara moja kwamba niliropoka. Utitiri hutia kutu: vidoa vidogo vya hudhurungi, vingi, ambavyo aghalabu huanzia karibu na utosi ambako ngozi ni changa, na huenea bila kujali upande. Haya yalikuwa mabaka mapana, yote upande uliotazama kioo. Upande uliotazama sebule ulikuwa kijani kitupu. Tena hata huo upande ulioungua haukuungua wote. Migongo ya mbavu ilikuwa imepauka, lakini mifereji iliyo kati ya ubavu na ubavu ilibaki kijani. Na nilipoisogeza karibu na uso, nikaona kitu ambacho picha ya simu isingenionyesha: juu ya lile baka jeupe palikuwa na mistari myembamba ya kijani, iliyopinda kidogo, kama chelewa zilizomwagwa. Vilikuwa vivuli vya miiba. Kila mwiba ulikuwa umeikinga ngozi iliyo nyuma yake, na kivuli chake kimebaki pale kama chapa ya hina. Hakuna mdudu anayekula kwa kufuata vivuli.

Nikaomba kijiko cha chai, nikabonyeza mabaka kwa mpini wake, moja moja. Magumu yote. Baka la kuungua huwa gumu na kavu. Likiwa tepetepe, linabonyea na kutoa maji, hapo ni kuoza, na kuoza hakungoji Jumapili nyingine. Kitakoni palikuwa na rangi ya hudhurungi pia, imezunguka pande zote kama gome. Hiyo ilimtia ami hofu bure. Ni uzee tu, kaktasi nyingi hufanya magome chini zinapokomaa.

Basi ni jua. Lakini ami hakukubali, na hoja yake ilikuwa na nguvu.

“Mie hii nimeiweka hapa tangu mwezi wa kumi na moja. Sijaisongeza hata shubiri. Kaskazi yote imepita, Januari, Februari, joto la paka kulala sakafuni, haikufanya kitu. Leo kipupwe ndipo iungue?”

Alikuwa na washukiwa wake. Wa kwanza mabati mapya ya jirani, yanayometa chini kule kama samaki. Tukayangoja. Saa nane mchana mng’ao wake ulipanda ukatua kwenye dari, mbali na chungu. Wa pili maji ya bomba, yaliyokuwa ya chumvi wiki ile. Maji ya chumvi huunguza mmea kweli, lakini huanzia mizizini, hayachagui upande wa kioo. Mshukiwa wa tatu alikuwa jicho la mgeni fulani aliyeisifu sana, na huyo sikuwa na namna ya kumpima.

Tukakaa, tukaletewa kahawa. Ilipogonga kama saa tisa nikaona mstari wa mwanga umeingia kwa mshazari kutoka upande wa kushoto wa dirisha, ukatambaa juu ya ubao wa dirisha, ukapanda chungu, ukalilalia lile baka jeupe sawasawa, kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa chake.

Dirisha lile linatazama kaskazini. Ukisimama pale unaliona hori la Tudor na ng’ambo yake Mishomoroni. Na hapo ndipo fumbo lote lilipojificha.

Mombasa iko kusini mwa ikweta, lakini kwa digrii 4 tu. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, jua la adhuhuri linapita upande wa kusini wetu, na dirisha la ami linabaki kivulini. Mwanga upo tele, wa mbingu na wa maji ya hori, ila jua lenyewe haliingii. Kisha, siku chache baada ya Machi kuanza, linapita juu ya vichwa vyetu likielekea kaskazini, na halirudi mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Mwishoni mwa Juni ndipo linapofika mbali kabisa: adhuhuri linasimama kama digrii 62 kutoka upeo wa macho wa kaskazini. Saa tisa alasiri limeshuka hadi digrii 40 hivi, upande wa kaskazini-magharibi. Kile kikofia cha zege kilichojengwa juu ya dirisha kinakinga nusu ya juu ya kioo. Ubao wa chini, alipokaa mgonjwa, hakiufikii.

Kwa hiyo miezi ya joto ndiyo iliyokuwa miezi ya salama, na miezi ya baridi ndiyo ya jua. Joto la hewa na jua la moja kwa moja ni vitu viwili. Sisi tuliozoea kuvitaja kwa pamoja huwa tunasahau, na mimi nilisahau nikiwa na vyungu kumi na vinane vya kaktasi nyumbani kwangu.

Ami alinyamaza. Ameishi na bahari umri wake wote, bado anahesabu miongo, siku kumi kumi, kutoka Siku ya Mwaka, anajua kusi ikianza atavaa nini. “Kivuli changu saa sita, mwezi huu, huanguka kusini,” akasema. “Hilo nalijua tangu utotoni. Sikujua tu kuwa nalo jua huingia ndani.”

Nikamuuliza ni nani aliyemshauri dirisha lile. Mwanawe, aliyeko Uingereza. Alimwambia kwa simu: iweke dirisha la kaskazini, huko hakuna jua. Na kwa London, iliyo digrii 51 kaskazini mwa ikweta, ni kweli tupu: jua la adhuhuri kule liko kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini huambulia miale michache ya alfajiri na magharibi wakati wa kiangazi. Kijana hakudanganya. Alitoa ushauri wa kwao, ukasafiri, ukafika Tudor ukiwa umegeuka chini juu.

Lakini jua lilianza kuingia dirisha lile tangu Machi. Mbona haikuungua Aprili? Kwa sababu ya masika. Aprili na Mei mawingu yalifunika, na mvua ilipokuja na upepo dirisha lilifungwa na pazia kuvutwa. Pazia lenyewe lilikuwa zito, la kitambaa kama cha makochi. Wiki ya Iddi ya kuchinja, mke wa ami akayateremsha yote kuyafua, akatundika mapya ya leso laini, akayakusanya pembeni kwa utepe ili nyumba ipendeze wageni. Mvua nayo ilikuwa imekatika wiki ile ile. Kaktasi ikatoka kivulini ikaingia juani bila mtu kuigusa.

Na ilikuwa kaktasi ya kivulini hasa. Kitaluni ilikuzwa chini ya wavu, kisha ikakaa miezi saba bila jua. Mmea wa namna hiyo huwa na ngozi laini, nta nyembamba, na klorofili iliyotandazwa ili kudaka kila mwanga unaopita. Ukiupiga jua ghafla, klorofili hiyo inapokea nguvu kuliko mmea unavyoweza kutumia, na nguvu inayobaki huanza kuharibu mitambo ile ile iliyoidaka. Rangi ya kijani inakufa. Unabaki na ule weupe wa manjano. Halafu kaktasi ina jambo jingine la kwake. Mimea mingi hufungua vishimo vyake vya kupumulia mchana, ikatoa mvuke, ikapoa. Kaktasi hufunga mchana ili isipoteze maji, hufungua usiku kuvuta hewa ya ukaa. Mchana wa jua kali haina jasho. Ongeza kwamba kusi haifiki upande ule wa nyumba, hewa kati ya kioo na pazia imesimama tuli, na kwamba kuna mtu aliyejiona mtaalamu kaagiza ioshwe sabuni, ambayo huondoa hata ile nta kidogo iliyopo.

Tiba yenyewe haina maajabu, na sehemu kubwa yake ni kuwazuia watu.

Mke wa ami alishatoa chupa ya mafuta ya nazi. “Sisi tukiungua twapaka haya. Kwani hii ina nini?” Ilibidi nimweleze kwa adabu kwamba mafuta yataziba vile vishimo, na mmea utakosa hewa usiku. Ami akataka kuipeleka stoo, gizani, ikapumzike. Hiyo nayo sivyo: mmea uliopoteza ngozi ya kijani upande mmoja unahitaji mwanga zaidi kwa upande uliobaki, ila mwanga uliochujwa. Ukiulaza gizani utarefuka kichwa, utapauka, na siku ukiutoa utaungua upya. Jirani mmoja alishauri ihamishwe kwenye mchanga wa pwani, “ndio asili yake.” Asili yake ni Mexico, bara, mbali na chumvi. Na mimea haibadilishiwi udongo ikiwa kitandani.

Tukaiweka juu ya kigoda, hatua moja na nusu kutoka dirishani, na lile pazia la leso likaachiwa. Mkono wangu ulitoa kivuli hafifu chenye kingo zilizofifia; huo ndio mwanga niliokuwa nautaka. Roshani ya kusini tuliikataa, ijapokuwa ina upepo mzuri, kwa sababu msimu huu kusi inatoka baharini na kuleta manyunyu na chumvi. Nikaisuuza sabuni kwa maji safi, tukaipigia feni mpaka ikakauka. Upande ulioungua nikauacha uelekee dirishani. Wengi husema geuza chungu kila wiki ili mmea ukue wima, na kwa mmea mzima nakubali. Kwa huu hapana: ngozi iliyokufa haiungui mara ya pili, ilhali ukigeuza unakabidhi upande mzima kwa jua usilolizoea.

Maji ndiyo yaliyotupa kazi. Ushauri wa Ulaya ni kwamba wakati wa baridi kaktasi isipewe maji kabisa, na pale inapokaa kwenye digrii 10 ni sawa, imelala. Lakini kipupwe chetu ni kama digrii 24 kwa wastani, usiku digrii 20 na ushei. Hailali, inasinzia. Kwa upande mwingine hewa ina unyevu, udongo unakauka polepole kuliko Februari, na mtu anayemwagilia kila Ijumaa kwa mazoea ataiozesha. Nikachukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa mahamri, tukaipima na chungu chake. Ikiwa imelowa ilikuwa kilo 2.4. Nikamwambia ami aipime kila siku baada ya swala ya alfajiri na aandike. Ilishuka, ikashuka, ikafika 1.9 ikagoma hapo. Siku tatu mfululizo 1.9: maana yake udongo umekauka hadi ndani. Kutoka hapo tungengoja wiki moja nyingine ndipo imwagiliwe. Hesabu hiyo ilimpendeza kuliko jambo jingine lolote nililomwambia. Pia tukaona kwamba chungu cha plastiki kilikuwa ndani ya chungu cha udongo cha urembo, na chini yake maji ya kimo cha vidole viwili, ya tangu masika. Cha urembo kikaondolewa.

Wiki ya tatu mabaka yakageuka, kutoka meupe hadi rangi ya udongo mkavu, yakawa kama gamba la kobe. Ami akapiga simu kwa furaha kwamba inapona. Nikamkata kauli kidogo: ile si kupona, ni kovu linakauka. Ngozi ya kaktasi iliyoungua hairudi kijani, si mwaka huu wala mwaka wowote. Kaktasi inakua kutoka utosini. Mbavu mpya hutokea juu, na kovu linashushwa chini taratibu, miaka kwa miaka, hadi likutane na lile gome la kitakoni.

Mwanzoni mwa Julai ndipo tulipata shaka ya kweli. Baka moja la chini, karibu na udongo, lilipasuka, na kwenye ufa pakatokea weusi. Nikabonyeza kwa mpini wa kijiko, ukazama. Hapo sikusubiri. Wembe mpya, pamba yenye spiriti, nikakata pale peusi, nikafuta wembe, nikakata tena. Nyama ya ndani ikatoka na vinyuzi vya hudhurungi, nikakata tena. Ukata wa nne ulitoa nyama nyeupe yenye ukijani, safi, bila hata uzi. Tundu lilibaki la kuingia kokwa ya tende. Mke wa ami akauliza kama atie bizari. Nikasema hapana, tutie upepo tu. Feni ikalala ikizunguka siku mbili, na maji tukayasahau wiki tatu, mizani ikaonyesha 1.9, kisha 1.8. Mbavu zikakonda kidogo, mifereji ikaingia ndani. Ami alikuwa akiniandikia kila alfajiri namba moja, bila salamu, bila maneno. 1.8. 1.8. Nikajua ana hasira.

Tundu likafunga kwa ngozi kavu ya rangi ya ngozi ya ngoma. Mwisho wa Julai tukaimwagilia, asubuhi, maji yakapita hadi yakatoka chini, yakaachwa yachuruzike yote. Mbavu zikajaa tena ndani ya siku nne.

Agosti ilileta mchoo, mvua zile za kipupwe zinazokuja na kuondoka kabla hujatoa nguo kambani, na mwanga ukapungua. Sikufanya chochote. Kuna watu hununua mbolea wakiona mmea umetulia. Mimi nimeozesha mbili kwa mbolea ya huruma na sitaki ya tatu. Tarehe 19 ami akanitumia picha nyingine. Hakuandika kitu. Katikati ya utosi, kwenye ile sufi ya manjano, palikuwa na miiba mitano mipya, laini, inang’aa kama nyuzi za shaba, haijawahi kuguswa na vumbi.

Septemba tulianza kuirudisha juani kwa dirisha la mashariki, lile la jikoni, ambalo hupata jua la saa moja na nusu asubuhi, jua la upole. Dakika 15 kwa siku tano, kisha 25, kisha 40. Siku moja ami akaenda sokoni Kongowea akaisahau hadi saa nne na nusu. Ngozi ya upande wa sebule ikaingia wekundu kidogo, tukarudi nyuma hatua mbili, wekundu ukaondoka.

Oktoba ilipoingia jua lilivuka kurudi kusini, na dirisha la hori likawa kivuli tena. Ami aliirudisha mahali pake pa zamani. Kovu liko pale, pana kama kiganja cha mtoto, na mistari ya vivuli vya miiba bado inasomeka ukiisogeza karibu, ingawa sasa ni hudhurungi iliyokoza juu ya hudhurungi iliyopauka. Imeinama kidogo kuelekea kioo. Nimemwambia sasa anaweza kuigeuza, robo mzunguko kwa mwezi, amesema atafikiri.

Kalenda yake ya ukutani, ile ya duka la vitambaa, haifiki mwakani. Kwa hiyo amefungua mlango wa kabati la vyombo, na kwa ndani, kwa penseli ya fundi seremala, ameandika: Machi 10, pazia.